Mifuko ya Koti la Mkono

Shemeji yangu anaitwa Mkono. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini hata dada yangu, ambaye ndiye mke wake, hulitumia akiwa amekasirika tu. Mkono ni jina la kazini. Watu wanaoshinda na farasi husema fulani ana mkono, yaani akishika kamba mnyama anatulia, na fulani hana mkono, hata ajitahidi vipi mnyama atamfanyia mzaha. Shemeji ilisemekana alizaliwa nao. Jambo likisemwa miaka mingi hakuna anayejisumbua kulitazama tena, na sisi hatukulitazama.

Mimi nafanya kazi hapohapo mazizini. Nashona matandiko na mikanda katika chumba kilichobanwa kati ya stoo ya pumba na bomba la maji. Dirisha langu ni dogo lakini limekaa pazuri. Linatazama njia inayotoka kwenye vibanda vya farasi, inapita geti la mbao, na kuishia uwanja wa mchanga ambako watoto wa watu wanafundishwa kupanda. Kila anayepita namwona, na kila anayepita ana kitu cha kunipa, ama mkanda uliokatika, ama tandiko lililofumuka, ama suruali yake mwenyewe. Wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, ila sijaona mtu akichukua suruali yake akaondoka kwa sababu hiyo.

Siku alipoletwa yule poni nilikuwa dirishani. Poni ni farasi wa kimo kifupi, na watu wanaowanunulia watoto hudhani kwamba ufupi ni upole. Wangeniuliza mimi, ambaye ni mfupi, ningewaeleza. Huyu alikuwa na shingo nene, kifua kipana kama kabati, na mwendo wa mtu asiyeamini kwamba mbele yake kuna watu. Akitaka kupita alipita, na kama ulikuwa umesimama hapo, hiyo ilikuwa shauri yako. Alikanyaga vidole vya miguu. Alifungua komeo kwa midomo. Fundi wa kwato alipoinama amshike mguu, alimsukuma kwa kichwa mpaka akaketi ndani ya ndoo, na fundi yule ni mtu wa heshima zake. Tukampa poni jina la Mheshimiwa, kwa kuwa alitarajia kila mtu ampishe njia.

Mwenye mazizi, mama mmoja mjane asiyependa maneno mengi, alianza kusema huyo arudishwe alikotoka kabla hajaumiza mtoto wa mtu. Ndipo Shemeji akachukua kamba. Alivaa koti lake la kaki, lile refu lenye mifuko mikubwa ambalo akishika farasi halivui hata jua likiwaka, akaingia kibandani, akasema kwa sauti ya chini, "Twende, Mheshimiwa." Poni akatoka ameambatana naye, pua karibu kabisa na nyonga ya mzee. Wakapita getini, wakafika uwanjani, hakuna aliyesukumwa. Wazazi waliokuwa wamesimama kando ya uzio walitazamana, na mmoja wao akapiga makofi.

Kuanzia hapo jina lake likapanda bei. Watu wa mazizi mengine walikuja kumtazama. Mwenye mazizi akawa anawaambia wazazi kwamba mnyama yule ana mtu mmoja tu anayemsikiliza. Shemeji alijitia hamnazo, akawa anafungafunga vifungo vya koti, lakini mimi namjua. Akisifiwa masikio yake yanasogea. Dada alilalamika kwamba siku hizi hata chumvi mezani anaiomba kwa sauti ya chini, utadhani chumvi itashtuka ikimbie.

Sasa niseme jinsi mambo yalivyokuwa kweli. Niliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe, lakini nayasema hapa ili na ninyi msije mkampigia makofi bure.

Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha. Kabla ya Mheshimiwa kufika, farasi jike mmoja mkubwa alimbana ukutani, na tangu siku hiyo akiuwekea uzito mguu ule maumivu yanampanda mpaka mgongoni. Hakumwambia mtu. Mzee asiyeweza kumzuia farasi anaambiwa akapumzike nyumbani, na yeye tangu utotoni hakuwa na mahali pengine anapojua kushinda. Kwa hiyo alipoingia kwa Mheshimiwa siku ile ya kwanza, alijua fika kwamba nguvu za kumzuia hana. Alichokuwa nacho ni vipande vya sukari guru mfukoni. Alimwonjesha kimoja mlangoni, akamnusisha kwamba vingine vipo, akaanza kutembea. Poni hakuwa akimfuata Mkono hata kidogo. Alikuwa akiufuata mfuko.

Na hilo ndilo jambo ambalo yeye mwenyewe alitukataza sisi sote. Binti yake alipokuwa mdogo, alimfundisha kila kitu pale mazizini. Usimlishe farasi mkononi, mwekee ndooni, na kabla hujaiweka ndoo chini yeye arudi nyuma. Simama begani kwake, usikae mbele wala nyuma. Usizungushe kamba kiganjani, maana akiondoka ataondoka na vidole vyako. Getini asimame kwanza, mpaka umwambie. Akikusogelea usisogee wewe, msogeze yeye. Yule mtoto alikuwa akiyaimba maneno hayo huku anaruka kamba uani kwetu, mpaka na mimi nisiyeshika farasi nikayakariri. Shemeji aliyajua kuliko mtu yeyote, na kila asubuhi aliyavunja kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kamba.

Mnyama ana akili ya kutosha kwa mambo yanayomhusu. Mheshimiwa alijifunza kwamba binadamu ni kitu chenye mfuko, na kwamba mfuko hufunguka ukisukumwa. Kwa Shemeji alikuwa mpole kwa sababu hakuwahi kucheleweshewa kitu kidogo chake. Wengine wote waliokwenda kwake mikono mitupu aliwaona wamemdhulumu, akawasukuma zaidi. Na kadiri alivyowasukuma wengine, ndivyo sifa za Mkono zilivyozidi.

Mfuko wa kulia wa koti lile niliushona mara nyingi. Uliletwa kwangu umechanika ukingoni, umelowa, umetafunwatafunwa. Shemeji akasema ni panya. Nikamwambia aache kulitundika koti stoo karibu na pumba, akaitikia, ndiyo shemeji, nikashona. Baada ya muda linarudi tena, na panya ni yuleyule.

Binti yao, wakati huo, alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Alijua kila aina ya msumari na hakupenda hata mmoja. Mwenye mazizi, ambaye haongei sana lakini macho anayo, alikuwa ameona Shemeji anavyochechemea akidhani hatazamwi. Akamwita, akamwambia alete binti yake ajaribiwe. Akiweza kuwashika farasi wote, na hasa Mheshimiwa, kazi itakuwa yake, na baba atabaki stoo kusimamia chakula, asihangaike tena na kamba. Nataka mlione vizuri jambo hili. Hofu ya kufukuzwa ilikuwa imeondolewa siku hiyohiyo. Kilichobaki kulindwa ni jina tu.

Binti aliacha duka bila kugeuka nyuma. Alikuja asubuhi ya kwanza na buti mpya zinazolia kila hatua, akaniamkia, akasema, "Mama mdogo, leo nimefika." Kazi hiyo aliitaka tangu siku zile za kuruka kamba, na alikuwa hajawahi kutaka kitu kingine.

Kwa wale farasi wengine hakuwa na tabu. Kwa Mheshimiwa alianza polepole, kama alivyofundishwa na baba yake. Alisimama begani. Poni akimwegemea, alimwekea ncha za vidole kifuani, akamsubiri. Poni akirudi nyuma hata kidogo tu, vidole viliondoka papo hapo na alimwacha apumue. Hakumpiga, hakupiga kelele, hakumvuta kwa nguvu, kwa sababu nguvu yule mnyama alikuwa nazo nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Alikuwa akimwonyesha tu, mara kwa mara, kwamba nafasi hii ni yangu na ile ni yako. Nikimtazama dirishani nilikuwa nasahau sindano.

Na kuna siku kazi hiyo ilishika kabisa. Shemeji alikwenda hospitali kuonyesha nyonga, akaambiwa arudi tena kesho yake na keshokutwa yake. Siku hizo Mheshimiwa alisimama getini kama fenicha. Binti alimpitisha njia nzima, kamba imelegea, akanipungia mkono dirishani. Baba akarudi kazini, na Mheshimiwa akarudia yaleyale, akambeba msichana wa watu kwa bega mpaka kwenye ndoo za maji. Ikawa hivyo kila mara, anapanda ngazi kidogo kisha anaporomoka, na hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi kabla binti hajafika kazini, mtu alikuwa ameshaifumua kazi yake ya jana kwa kipande cha sukari guru.

Binti alikuja mlangoni kwangu akaketi juu ya gunia, akawa anavitazama viganja vyake.

"Mama mdogo, nadhani mikono yangu ndiyo mibovu," alisema. "Kila kitu nafanya alivyonifundisha. Baba anao mkono, mimi sina. Labda haupo tu."

Nikamwambia mikono yake ni ya bibi yake mzaa mama, mikubwa, mizuri, na bibi yake aliweza kumshika yeyote, hata babu yake. Hakucheka. Baba yake alikuwa palepale nje, bombani, anakinga maji. Alisikia kila neno. Ndoo ilijaa ikamwagikia viatu vyake, na hakufunga bomba wala hakufungua mdomo.

Mchana wa siku ileile wafanyakazi walikuwa wanakula pamoja kwenye kivuli cha stoo. Mmoja akamtania Shemeji kwamba anamnyima mwanawe siri, amfundishe basi huo mkono. Shemeji akacheka. Akasema, "Mkono haufundishwi. Unao au huna." Wakaitikia, ni kweli mzee, ni kweli. Binti alikuwa anakula nao. Aliweka kijiko chini taratibu, akaenda kusugua ndoo ambazo zilikuwa safi.

Roho ilimsuta Shemeji, aliniambia baadaye, na mimi namwamini, kwa kuwa kesho yake alijaribu kuacha. Aliingia kwa Mheshimiwa na mifuko mitupu. Poni alipekua mfuko wa kulia, akapekua wa kushoto, akampa nafasi ya kujirekebisha, kisha akamweka bega na kumgandamiza ukutani, kwenye nyonga ileile. Mzee wa watu akaona nyota mchana. Angeweza kupiga kelele. Lakini alisikia wenzake wanakuja njiani wanapiga soga, na akawaza wakiingia wamkute amebandikwa ukutani na farasi wa watoto. Alikuwa na kopo la akiba juu ya boriti. Akanyoosha mkono, akatoa kipande, akaongeza cha pili kama faini. Alitoka akitiririka jasho na Mheshimiwa ameambatana naye kwa adabu zote, na wenzake wakasema, mnaona, mambo si hayo.

Asubuhi ya kujaribiwa ilikuwa ya mvua. Mwenye mazizi alikuwa amesimama na mwavuli kando ya uzio, pamoja na wazazi waliowaleta watoto. Binti alikuwa ameshawalisha farasi wote na koti lake lilikuwa chepechepe. Akapita stoo, akaona la baba yake msumarini, kavu, akalivaa. Ni jambo ambalo mtoto yeyote angefanya.

Shemeji alikuwa amesimama nje ya dirisha langu, karibu kiasi cha kumgusa begani. Tulimwona binti akitoka na Mheshimiwa. Alimtoa vizuri, amesimama panapotakiwa, kamba imekunjwa kiganjani bila kuzungushwa, uso umetulia. Mikono ya koti ilikuwa imempita vidole na ameikunja. Nikamwona Shemeji akiliona koti. Nikamwona akifungua mdomo. Alikuwa na muda wa kutosha kabisa. Angemwita tu, binti angesimama. Lakini angemwita, angeulizwa kuna nini, na mwenye mazizi alikuwa pale, na wazazi walikuwa pale. Nilidhani anataka kupiga chafya. Mdomo ukajifunga.

Getini binti alimsimamisha poni, kama inavyotakiwa. Mheshimiwa akanusa koti. Kwake yeye kila kitu kilikuwa sawasawa, harufu ilikuwepo, mfuko ulikuwepo, ila malipo yalikuwa yamechelewa. Akasukuma kwa pua. Binti akamrudisha nyuma, akarudi. Akasukuma tena kwa kichwa kizima, akaukamata mfuko kwa meno, akavuta, na alipoona haufunguki akaja na mwili wote. Msichana alibanwa kwenye nguzo ya geti. Sauti ile niliisikia nikiwa ndani na sitaki kuieleza. Kamba ilimtoka mkononi, na kwa vile hakuwa ameizungusha vidole vyake vilipona. Kilichovunjika ni mtulinga, mfupa ule wa juu ya kifua. Mheshimiwa alibaki amesimama hapohapo, anatafuna kipande cha kitambaa.

Kabla hajapelekwa hospitali, mwenye mazizi alimwinamia. Hakuwa mkali. Alimwambia, "Moyo unao, mwanangu. Mkono wa baba yako hukuurithi. Rudi dukani kabla hujaumia zaidi." Binti akasema asante, mama. Mfupa umevunjika, kazi imekwenda, na akasema asante. Baba yake ndiye aliyekuwa amemshika upande wa pili, anatazama chini.

Koti waliniachia mimi nilifue na kulishona. Nililitandaza mezani, nikageuza mfuko nje. Ulikuwa unanata, na sisimizi walikuwa wameshajenga mji mdogo kwenye mshono. Nikazitazama alama za meno vizuri kwa mara ya kwanza. Jioni Shemeji aliporudi kutoka hospitali akapita kuniambia binti anaendeleaje, nilimwacha amalize, kisha nikamsogezea koti.

"Shemeji," nikamwuliza, "huyu panya wako ana meno mapana kiasi gani?"

Akaketi juu ya gunia lilelile alilokalia mwanawe. Akanieleza yote, tangu nyonga mpaka kopo la juu ya boriti, hata lile la kuliona koti na kunyamaza. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Nimeshasema nina mdomo. Hakujitetea. Uso ulikuwa umemshuka na alikuwa anasuguasugua magoti yake kama mtu anayetaka kuyafuta. Kitu alichoniuliza mwishoni ni kama nitamwambia dada. Ni hicho tu kilichomjia. Nikamjibu kwamba sitamwambia dada wala mtu mwingine yeyote, na asidhani namstahi. Maneno hayo yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa juu ya gunia langu.

Siku ya masomo iliyofuata binti alikuja mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, kuchukua buti zake na kuwaaga farasi. Wazazi walikuwepo kando ya uzio kama kawaida, na watoto na kofia zao, na mwenye mazizi. Shemeji alitokea bila koti. Hatukuzoea kumwona hivyo; alionekana mdogo, shati limemlegea mabegani. Alisimama katikati ya njia mbele yetu sote, akavuta mifuko ya suruali nje, akaiacha inaning'inia, akaingia kwa Mheshimiwa.

Tulisikia mbao zikigongwa. Mlango ukafunguka, wakatoka, na aliyekuwa anaongoza ni poni. Alimpekua mzee kiunoni, kifuani, mgongoni. Alipokosa, akamsukuma. Shemeji alirudi nyuma akichechemea waziwazi, mguu ule ukakataa, akaanguka kwenye tope kabla ya kufika geti. Kamba aliiachia, hilo hakulikosea. Mheshimiwa akamsimamia kichwani, anamnusa shati. Mtoto mmoja akacheka, na kicheko cha mtoto kikawapa ruhusa wakubwa.

"Nilikuwa namhonga," Shemeji akasema kutoka palepale chini.

Wakacheka zaidi. Walidhani ni utani wa mzee aliyeteleza, na mzaha mzuri tena kwa jina lile la Mheshimiwa. Akajiinua kwa magoti, akasimama, tope limemjaa mpaka sikioni, akamgeukia mwenye mazizi. Safari hii hakusema kwa sauti ya chini.

"Mama, hakuna mkono. Ni sukari, kopo lake liko juu ya boriti. Namlisha mfukoni tangu siku ya kwanza, ndiyo maana anasukuma watu. Binti yangu alikuwa akimrekebisha, mimi namharibu. Siku ile alivaa koti langu, nikamwona, nikanyamaza."

Kicheko kiliisha kwa mafungu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kikabaki cha yule mtoto peke yake, na mama yake akamshika mkono. Nilimtazama binti. Alikuwa ameuegemea uzio, na sijawahi kuona uso wa mtu ukikaa bila chochote namna ile. Baba yake hakuthubutu kumwangalia. Mheshimiwa alikuwa ameanza kumsukuma tena.

"Shika kamba, baba," binti akasema. Alisema kama anayemwambia mfanyakazi mgeni. "Usizungushe."

Shemeji akaiokota kamba.

"Simama begani. Usisogee wewe, msogeze yeye."

Mzee akaweka vidole kifuani kwa poni. Poni akaegemea. Mguu wa mzee ulikuwa unatetemeka na sote tuliuona. Binti akamwambia subiri, akamwambia asimpe kitu, akamwambia akirudi nyuma tu amwachie. Yalikuwa maneno ya mzee mwenyewe, yale ya kuruka kamba, sasa anarudishiwa moja moja mbele za watu. Mheshimiwa alisubiri alichozoea, hakikuja, akapumua kwa kishindo, akarudisha mguu mmoja nyuma. Shemeji akaondoa vidole. Hakuna aliyepiga makofi.

Mwenye mazizi alisema machache. Kazi ni ya binti mfupa ukipona, Shemeji aende stoo, na kopo la juu ya boriti liletwe kwake. Basi. Wengine bado wanamwita Mkono, ila sasa wakimwita wanatabasamu kwanza, na yeye anaitikia. Mheshimiwa naye amekuwa mtu wa kueleweka, ingawa haikuwa kazi ya haraka na mpaka leo ukizubaa atakukumbusha zamani.

Nyumbani binti anamwamkia baba yake, anamwekea chakula, anamwuliza nyonga inaendeleaje. Ana adabu kiasi kwamba dada ameanza kuiogopa hiyo adabu. Kuna siku nilikuwepo, tumekaa, na Shemeji akajaribu tena kuomba msamaha kwa ajili ya koti. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"La koti nimeshasamehe, baba. Uliogopa," akasema. "Lakini siku ile ukiwa bombani ulinisikia. Nilisema mikono yangu ni mibovu, na ulinisikia."

Mfupa ulikuwa umeshaunga wakati huo.

Kesho yake Shemeji alikuja dirishani kwangu na koti mkononi, akasema, "Shemeji, naomba unishonee mifuko." Nikaligeuza huku na huku. Nilikuwa nimeshaishona zamani na haikuwa na tundu popote, nikamwambia hivyo. Akasema hana maana hiyo, nizibe midomo ya mifuko hiyo, yote miwili. Nikatumia uzi wa matandiko, ule ambao hata farasi hawezi kuukata. Binti alipoona, aliniletea mkasi wa kuifumulia akaniwekea mezani, na mimi nikaupeleka kwa mwenye koti. Akaurudisha bila kuutumia.

Asubuhi huku kwetu kuna baridi. Shemeji akisikia kwato njiani hutoka stoo na kusimama kando, amevaa koti, kumtazama binti yake akipita getini na Mheshimiwa. Mikono yake hutafuta mifuko, inapapasa, haipati pa kuingia. Anaiacha inaning'inia hapo nje, mpaka wapite.